Imam Ghazali: Msomi aliyeacha cheo akazisaka ishara za Mola

KATIKA mwaka wa 1095, mwalimu aliyesifika kuliko wote mjini Baghdad alipotewa na sauti. Abu Hamid al-Ghazali aliketi mbele ya wanafunzi wake akitaka kusomesha, lakini ulimi ulikataa kutamka hata neno moja. Chakula nacho kikawa hakipiti kooni. Matabibu walikata tamaa, wakasema kwamba maradhi hayo chanzo chake kilikuwa moyoni.

Ghazali alizaliwa takriban mwaka wa 1058 mjini Tus, katika eneo la Khurasan, Iran ya leo. Inasimuliwa kwamba baba yake, fukara aliyesokota sufu ili kupata riziki, alifariki mapema na kumwachia rafiki yake jukumu la kuwalea Ghazali na nduguye Ahmad. Akiba ilipokwisha, mlezi huyo aliwashauri wajiunge na madrasa ambako wangepata chakula na malazi.

Kijana huyo alisoma kwa Imam Juwayni huko Nishapur. Mnamo 1091, Waziri Nizam al-Mulk alimteua kufundisha katika chuo cha Nizamiyya, Baghdad, ambako wanafunzi wapatao 300 walihudhuria darasa zake.

Hata hivyo, fahari hiyo haikumpa utulivu. Alipojikagua, alibaini kwamba kilichomsukuma kufundisha kilikuwa sifa na cheo wala si radhi za Mwenyezi Mungu. Alikuwa amevisoma vitabu vya Masufi, akatambua kwamba njia yao haifikiwi kwa kusoma pekee. Alijiona kama tabibu mgonjwa, ambaye anaijua afya na dawa zake zote ilhali mwenyewe hana afya.

Kwa takriban miezi sita alivutana na nafsi yake. Hatimaye aligawa mali yake, akabakisha ya kuwakimu watoto, kisha akaondoka. Aliwaambia watu kwamba anakwenda Makka, kumbe alidhamiria kwenda Sham. Mjini Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo mchana kutwa. Baadaye alikaa Jerusalem, akahiji, kisha mapenzi ya watoto wake yakamrudisha nyumbani.

Katika miaka hiyo ya upweke aliandika Ihya Ulum al-Din, kitabu chenye sehemu 40. Ndani yake mna adabu za kula, ndoa, biashara na safari, kwani kwake hakuna tendo la kila siku lililo dogo mno kiasi cha kutomkumbusha mja Muumba wake.

Sehemu ya 39 inahusu tafakuri. Ghazali hakumtaka mja aifikirie dhati ya Mungu, kwa kuwa akili haiwezi kuistahimili, sawa na jicho lisivyoweza kulikodolea jua. Alimtaka atazame viumbe: mwili wake mwenyewe, ardhi, bahari, hewa na nyota. Hata mbu alimfaa kuwa somo, kwani licha ya udogo wake ana mkonga mfano wa ule wa tembo, na anajua pa kuuchoma ili apate chakula.

Kwa mujibu wa Ghazali, watu hawaoni maajabu hayo kwa sababu wameyazoea. Tafakuri ni kuutoa moyo katika mazoea hayo. Huzaa maarifa, maarifa hubadili hali ya moyo, na moyo ukibadilika matendo nayo hubadilika.

Si wote waliompokea vyema. Mnamo 1109, chini ya utawala wa Murabitun, Ihya ilichomwa moto huko Cordoba, nchini Uhispania. Wengine walimlaumu kwa kutumia hadithi dhaifu.

Mnamo 1106 Ghazali alikubali kurejea kufundisha, safari hii Nishapur. Hatimaye alirudi Tus, akawa na madrasa pamoja na makazi ya Masufi karibu na nyumba yake. Alifariki huko Desemba 1111.

Kitabu kilichochomwa Cordoba kilithaminiwa mno na masharifu wa tarika ya Alawiyya huko Hadhramaut, tarika ambayo baadaye ilikita mizizi hadi Lamu. Mwalimu aliyekatikiwa na sauti Baghdad akawa anasikika hata katika mwambao wa Afrika Mashariki.