Tabibu Aliyeionyesha Radi Njia

William Snow Harris, aliyezaliwa Plymouth, Uingereza, mwaka wa 1791, alisomea utabibu, lakini sifa yake ilitoka baharini. Enzi hizo radi ilipasua milingoti ya merikebu na kuwaua mabaharia. Mnamo 1820 alipendekeza mabamba ya shaba yapachikwe mlingotini, tangu kileleni hadi chini, ili umeme ushukie majini bila kupita katika mbao. Wakuu wa jeshi la majini walisitasita kwa miaka mingi. Hata hivyo Beagle, merikebu iliyomchukua Charles Darwin safarini mwaka wa 1831, ilitiwa mabamba hayo, ikarejea 1836 bila kudhuriwa na radi. Harris alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1847, akafariki 1867. Wakuu wanapochelewa kuusikiliza ujuzi, anayeangamia ni baharia.