Beryl Markham na Saisi Wake

Wapenzi wa mchezo wa ng'ombe hapa Pemba wanafahamu kwamba siku ya mchezo macho yote huwa juu ya ng'ombe na mchezaji, ilhali yule aliyemlisha na kumnywesha mnyama huyo mwaka mzima husimama nyuma ya umati asitajwe. Jambo hili limetujia akilini tulipoyazingatia maisha ya Beryl Markham, bibi wa Kizungu aliyepata sifa kubwa katika mbio za farasi nchini Kenya, na baadaye katika urubani.

Alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba, 1902. Angali mtoto mdogo alipelekwa Njoro, katika nyanda za juu za Kenya, ambako serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia walowezi ardhi isiyokuwa yake. Mama yake hakuyastahimili maisha yale. Alirejea kwao pamoja na mtoto wa kiume, na binti akabaki na baba yake, Charles Clutterbuck. Kwa kuwa baba alishughulishwa na farasi na vinu vya unga, malezi ya binti yakawa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wenyeji. Alizungumza Kiswahili tangu utotoni, akafuatana na wawindaji wa Kinandi, akajifunza kutupa mkuki na kufuata nyayo za wanyama. Mwenzake katika hayo alikuwa Kibii, mtoto wa arap Maina. Huyu arap Maina aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo Wazungu waliviwasha baina yao na Waafrika wakavifia.

Farasi alijifunza kwa baba yake. Alimzalisha farasi jike kwa mikono yake mwenyewe, na baba akamzawadia yule mtoto aliyezaliwa, ambaye alimwita Pegasus. Kisha mvua zilikosekana. Clutterbuck alikuwa amekwisha kutia saini mikataba ya kuiuzia serikali unga kwa bei maalumu. Nafaka ikapanda bei, naye akaitimiza mikataba hiyo kwa hasara hadi akafilisika. Akahamia Peru. Binti alikataa kumfuata. Alimpanda Pegasus akaenda Molo, na akiwa na umri wa kiasi cha miaka 18 tu akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupewa leseni ya kufunza farasi wa mashindano.

Huko Molo ndiko Kibii alikomfuata. Wakati huo alikuwa amekwisha kutahiriwa na kuingia utu uzima, na jina lake likawa arap Ruta. Yule aliyekuwa mwenzake wa kuwinda sasa alimfanyia kazi, akiwa saisi na msaidizi wake. Urafiki wao haukukatika, lakini leseni ilikuwa ya mmoja na ujira ulikuwa wa mwingine. Hivyo ndivyo utaratibu wa kikoloni ulivyowapanga watoto wawili waliolelewa pamoja, na hatuoni sababu ya kuupamba.

Mwaka 1926 ulikuwa mwaka wa mbio za St Leger mjini Nairobi. Kama alivyosimulia mwenyewe, Beryl alikuwa amemfunza farasi dume hodari aitwaye Wrack, na zikiwa zimesalia wiki chache mwenyewe akamhamishia kwa mfunzaji mwingine. Akabakiwa na Wise Child, farasi jike mwenye damu njema lakini kano za miguu zilizodhoofika, kiasi cha kuhofiwa kwamba hataweza hata kukimbia. Ikawa kazi ya kila siku kuikanda miguu ile, kuifunga, kuipumzisha, na kumzoesha taratibu. Siku ya mbio Wise Child alimshinda Wrack. Hapa hatumpunguzii bibi huyu heshima yake hata chembe: uwanja ule ulikuwa wa wanaume, naye aliwashinda kwa elimu na subira.

Baadaye alijifunza urubani, na arap Ruta akahamia kwenye ndege, akizitunza kama alivyowatunza farasi. Septemba 1936 Beryl aliondoka Uingereza peke yake, akavuka Bahari ya Atlantiki kuelekea magharibi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, akaangukia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada. Kitabu chake kilitoka mwaka 1942. Wako wanaoshuku kwamba mume wake wa tatu ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujakwisha.

Alirudi Kenya akafunza tena farasi, nao wakashinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Uzeeni alipatwa na ufukara, hadi kitabu chake kilipochapishwa upya mwaka 1983 kikampatia riziki. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti, 1986. Ushindi wake umo katika kumbukumbu za mbio. Arap Ruta tunamjua zaidi kutokana na kitabu hicho, na humo anaonekana kama Beryl alivyomwona.