Barney Simon: Msee Aliyegeuza Soko la Matunda Kuwa Steji ya Kupiga Ubaguzi

Kama ushawahi kucheki Sarafina! hadi machozi yakatoka, au umeona John Kani akiwa mfalme T'Chaka ndani ya Black Panther, kuna jamaa fulani unafaa kumjua. Anaitwa Barney Simon. Alituacha 1995 na huku kwetu jina lake halisikiki sana, lakini thieta aliyoanzisha katikati ya tao pale Johannesburg ndiyo Sarafina! ilitokea.

Barney alizaliwa Jozi mwaka wa 1932. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Lithuania, watu wa kawaida tu, si wadosi. Miaka ya 50 akaruka hadi London, akapata mboka nyuma ya pazia kwa thieta ya Joan Littlewood, mama aliyeamini maigizo si ya matajiri peke yao. Hiyo kitu ilimwingia kabisa.

Kurudi nyumbani, alikuwa anaandika matangazo ya biashara ndio apate chapaa. Sanaa ndiyo ilikuwa roho yake. Akaanza kupiga kazi na Athol Fugard na waigizaji weusi, na hapo makaburu walikuwa wamegawa kila kitu kwa rangi: mtaa, shule, hadi benchi ya kukalia. Mwandishi Nat Nakasa alipoondoka nchini 1964, Barney ndiye alishika usukani wa jarida lake, The Classic.

Mapema miaka ya 70 akaingia ocha, Zululand na Transkei, kufanya kazi na manesi. Alikuwa anawaonyesha vile wanaweza kutumia stori, nyimbo na maigizo kufunza wanakijiji mambo ya afya. Huko ndiko alijua kwamba mtu wa kawaida tayari ako na stori. Kinachokosekana ni wa kumskiza.

1974 akaungana na Mannie Manim, mtaalamu wa taa za steji na kuendesha thieta, wakaunda kundi lililoitwa The Company. Shida ilikuwa moja: hawakuwa na mahali pao. Wakaangukia soko la zamani la matunda la Wahindi pale Newtown, jengo la 1913. Imagine Marikiti ihamishwe, jengo libaki tupu, halafu wasanii waingie. Ndivyo Market Theatre ilivyozaliwa.

Sasa cheki tarehe. Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliingia barabarani kukataa kufunzwa kwa Kiafrikana, na makarao wakawamiminia risasi. Siku 5 baadaye, Juni 21, Market ikafungua milango yake kwa mchezo wa Chekhov, The Seagull. Jiji lilikuwa bado linafuka moshi. Sheria haikutaka weusi na weupe wakae pamoja, lakini Barney na Mannie walikaribisha kila rangi, kwa steji na kwa viti. Pesa ya serikali hawakuchukua.

Vile Barney alikuwa anatengeneza mchezo ilikuwa tofauti sana. Mara nyingi hakukuwa na karatasi ya kukariri. Aliwatuma waigizaji waende mtaani wacheki watu: vile wanatembea, wanaongea, wanaogopa nini. Wakirudi, wanaigiza walichoona, na mchezo unajengwa pole pole kutoka hapo.

Woza Albert! ya 1981 ilitengenezwa hivyo, yeye pamoja na Percy Mtwa na Mbongeni Ngema. Stori ni moto: Yesu anarudi duniani, na anatua Afrika Kusini ya makaburu. Serikali mwanzoni inajishaua naye, halafu akikataa mambo yao, inamtupa ndani. Waigizaji ni wawili tu, steji karibu tupu, lakini wanacheza watu kibao. Wakitaka kuwa mzungu, wanavaa pua kama ya klauni, basi. Mwishoni Yesu anafufua mashujaa waliokufa, akiwemo Albert Luthuli. Watu walicheka hadi wakalia, na mchezo ukazunguka hadi Uingereza na Marekani.

Huyo Ngema ndiye alikuja kuandika Sarafina!, stori ya wanafunzi wa Soweto. Ilianza pale Market 1987, mwaka uliofuata ikawa Broadway, na 1992 ikawa filamu. Yaani risasi za wiki ile Market ilifunguliwa zilirudi kwa steji hiyohiyo, miaka 11 baadaye, zikiwa nyimbo.

1989 Barney na John Kani wakafungua Market Laboratory, mahali vijana wa mitaa ya weusi wangejifunza kuigiza, maana shule nyingi za sanaa hazikuwa zinawangoja.

Barney aliona Mandela akiwa rais, lakini hakukaa sana. Moyo ulimsumbua, na Juni 30, 1995 akaaga akiwa na miaka 63. Market bado iko Newtown, na moja ya kumbi zake inaitwa kwa jina lake.

So kama wewe na mbogi yako mna stori ya mtaa na mnalia hamna steji, kumbukeni huyu buda alianza na soko lililoachwa. Matunda yalitoka, watu wakaingia.