Fridtjof Nansen: Mlezi wa Wasio na Kwao

Ni nadra jina la mtu kugeuka kuwa jina la hati ya kuvukia mipaka. Fridtjof Nansen wa Norwei alipata heshima hiyo angali hai. Katika miaka ya 1920, maelfu ya watu waliopoteza uraia wao walisafiri wakiwa na cheti kilichojulikana ulimwenguni kama pasipoti ya Nansen. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa muhtasari, yakitilia mkazo juhudi zake za kuwatafutia wakimbizi makao na riziki ugenini.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 karibu na jiji la Christiania, ambalo leo huitwa Oslo. Alisomea elimu ya wanyama, akafanya kazi katika makumbusho ya Bergen, na mwaka 1888 akahitimu shahada ya uzamifu kwa utafiti kuhusu mfumo wa neva. Mwaka uo huo aliongoza kikosi cha watu sita kuvuka barafu ya Greenland. Aliamua kuanzia pwani ya mashariki, kusikokuwa na makao ya kurejea, ili wenzake wasiwe na njia nyingine ila kusonga mbele. Walipofika magharibi hawakupata meli ya kuwarudisha kwao, wakalazimika kupisha majira ya baridi kali miongoni mwa wenyeji Wainuiti. Nansen alijifunza mengi kutoka kwa wenyeji wake hao, hata akaandika kitabu kuhusu maisha yao.

Kati ya mwaka 1893 na 1896 alifunga safari ya pili, mashuhuri zaidi, kwa meli iitwayo Fram. Mwaka 1895 aliiacha meli katikati ya barafu, akaelekea Ncha ya Kaskazini pamoja na Hjalmar Johansen. Walifika nyuzi 86 na dakika 14, mahali ambapo hapana binadamu aliyejulikana kuwahi kufika kabla yao. Walipogeuka kurudi, waliishi miezi mingi katika kibanda cha mawe, mpaka mwaka 1896 walipokutana na Mwingereza Frederick Jackson, aliyewapokea kambini mwake. Hivyo basi, aliyekuja kuwa mtetezi wa wageni alikuwa amekwisha kuonja mara mbili utamu wa kukaribishwa.

Norwei ilipojitenga na Uswidi mwaka 1905, Nansen aliingia katika siasa za kimataifa, na kati ya mwaka 1906 na 1908 akaiwakilisha nchi yake jijini London. Hata hivyo, ni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alipoianza kazi iliyompa nafasi ya pekee katika historia. Mwaka 1920 Shirikisho la Mataifa lilimkabidhi jukumu la kuwarejesha makwao mateka wa vita. Kufikia mwaka 1922, zaidi ya mateka 400,000 walikuwa wamerudishwa.

Mwezi Septemba 1921 aliteuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi wa Urusi. Hawa walikuwa wamekimbia mapinduzi ya mwaka 1917, vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa; idadi yao ilikadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Mateka wa vita walikuwa na pa kurudi. Wakimbizi hawa hawakuwa napo. Isitoshe, mwezi Desemba 1921 serikali ya Kisovieti iliwavua uraia wengi wao. Mtu asiye na uraia hana pasipoti. Asiye na pasipoti hawezi kuvuka mpaka. Na asiyeweza kuvuka mpaka hawezi kuifuata kazi iliko. Nansen aling'amua kwamba chakula na blanketi, ijapokuwa ni vya lazima, havikutosha kuukata mnyororo huo.

Kwa hiyo, mwezi Julai 1922, mkutano aliouitisha mjini Geneva ulikubaliana kuhusu cheti cha utambulisho wa mkimbizi. Baadaye zaidi ya serikali 50 zilikitambua. Mwaka 1924 kilianza kutolewa kwa Waarmenia, na mwaka 1928 kwa Waashuri na makundi mengine. Miongoni mwa waliokitumia ni mtunzi wa muziki Igor Stravinsky, mchoraji Marc Chagall na mwandishi Vladimir Nabokov. Cheti hicho hakikukosa kasoro. Mwanzoni hakikumpa mwenyewe haki ya kurudi katika nchi iliyokitoa, dosari iliyoanza kurekebishwa mwaka 1926. Mwaka huo pia ilianzishwa stempu ya Nansen, yenye thamani ya faranga 5 za dhahabu. Mkimbizi mwenye uwezo aliinunua, na fedha hizo zikawasaidia wenzake wasiojiweza.

Kuanzia mwaka 1925, Shirika la Kazi Duniani lilishirikiana naye katika kuwatafutia wakimbizi ajira katika nchi zilizohitaji vibarua, mafundi na wakulima. Kwa Nansen, mkimbizi hakuwa ombaomba bali mfanyakazi aliyepoteza mahali pa kufanyia kazi.

Haifai, hata hivyo, kumsawiri kama malaika. Kufuatia vita kati ya Ugiriki na Uturuki, aliunga mkono mpango wa kubadilishana watu, uliotiwa sahihi Lausanne tarehe 30 Januari 1923. Zaidi ya Wakristo milioni moja walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu wapatao 400,000 kuwa wa Uturuki, bila ya kuulizwa ridhaa yao. Wapo wanaoamini kuwa mpango huo uliepusha maafa zaidi. Wapo wanaouona kuwa uliwahalalisha watawala kuwang'oa watu katika ardhi ya mababu zao. Kadhalika, mpango wake wa kuwapa makao maelfu ya Waarmenia kwa kunyunyizia maji ardhi kame, baada ya ziara yake huko mwaka 1925, ulikwama kwa sababu mataifa yalikataa kutoa mkopo. Kushindwa huko kulimuuma mpaka mwisho.

Alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1922, na fedha zake akazitumia kuwasaidia wenye dhiki. Aliaga dunia tarehe 13 Mei 1930 nyumbani kwake Lysaker, akazikwa tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa la Norwei. Ofisi iliyoundwa kwa jina lake ilipata tuzo iyo hiyo mwaka 1938.

Urithi wake umefika hata kwetu. Hati ya kusafiria ya mkimbizi, inayotolewa kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1951, ni mjukuu wa pasipoti ya Nansen. Aidha, tangu mwaka 1954 Umoja wa Mataifa hutoa nishani kwa jina lake. Mwalimu Julius Nyerere aliipokea mwaka 1983, na mwaka 2023 ikamwendea Abdullahi Mire, aliyekulia katika kambi za Dadaab na kuwapelekea watoto wakimbizi vitabu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nansen alituonyesha masharti ya methali hiyo kutimia: mgeni apewe kwanza karatasi inayotambulika, kisha jembe, kisha muda wa kuacha kuwa mgeni.