Leonard Rossiter: Maisha ya Mwigizaji na Kasi ya Ulimi

Katika historia ya sanaa za maonyesho ya Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili, jina la Leonard Rossiter limetajwa zaidi na watazamaji wa televisheni kuliko na wahakiki wa tamthilia. Mamilioni ya Waingereza walimjua kama Rigsby, mwenye nyumba bahili wa vyumba vyenye kuta zilizolowa unyevu, au kama Reginald Perrin, meneja aliyechoshwa na kazi yake hata akajifanya amekufa. Sifa hiyo aliistahili, lakini pia ilimpunja. Rossiter alikuwa kwanza mtu wa jukwaani, na kile kilichowachekesha watu sebuleni mwao ndicho kilekile kilichowatisha wale waliomtazama katika tamthilia ya Brecht, yaani namna yake ya kusema. Wahusika wake wakubwa ni watu waliogeuza maneno kuwa ngao, na kadiri hofu yao ilivyozidi ndivyo ulimi wao ulivyokwenda mbio.

Rossiter alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1926 katika mtaa wa Wavertree mjini Liverpool. Baba yake alikuwa kinyozi, na familia iliishi ghorofani, juu ya duka la kunyolea. Vita vilipoanza mwaka 1939 alihamishwa pamoja na shule yake hadi Bangor, kaskazini mwa Wales, ili kuepushwa na mabomu. Mabomu hayo yalimfikia kwa njia nyingine. Katika wiki ya kwanza ya Mei 1941 ndege za Kijerumani ziliishambulia Liverpool usiku baada ya usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakauawa mjini na katika vitongoji vyake. Mmoja wao alikuwa baba yake, aliyekuwa amejitolea kuhudumu katika magari ya wagonjwa. Kijana alikuwa na umri wa miaka kumi na minne.

Msiba huo uliamua mengi. Rossiter alikuwa mwanafunzi hodari, na nia yake ilikuwa kusoma lugha za kigeni chuo kikuu, kisha awe mwalimu. Nafasi aliipata katika Chuo Kikuu cha Liverpool, lakini hakuweza kuitumia kwa kuwa ilimpasa kumtunza mama yake mjane. Kabla ya kuanza kazi alitimiza utumishi wa lazima jeshini, akafikia cheo cha sajini katika kikosi cha elimu, na sehemu kubwa ya muda huo aliupitisha Ujerumani. Miongoni mwa shughuli zake huko ilikuwa kuwaandikia barua askari wasiojua kuandika. Kazi hiyo haikuwa mbali sana na ile aliyokuja kuifanya baadaye. Humlazimu mwandikaji kutoa hisia za mtu mwingine, kwa sauti ya mtu huyo, huku yeye mwenyewe akijificha.

Aliporudi uraiani aliajiriwa kuwa karani katika kampuni ya bima, idara ya madai na ajali, akakaa humo kwa miaka sita. Hakuna aliyetarajia kwamba angekuwa mwigizaji, na yeye mwenyewe hakutarajia. Inasimuliwa kwamba alikuwa akienda kumpokea rafiki yake wa kike katika mazoezi ya kikundi cha maigizo cha watu wa ridhaa, akaucheka uigizaji aliouona, naye binti huyo akamtaka apande jukwaani aonyeshe kama angeweza kufanya vizuri zaidi. Alipanda. Mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka 27, aliacha bima na mshahara wa uhakika akajiunga na kikundi cha kulipwa mjini Preston. Kwa mtu asiyepitia chuo chochote cha uigizaji, huo ulikuwa umri mkubwa wa kuanzia.

Vikundi vya aina hiyo, vilivyokuwa katika miji mingi ya Uingereza wakati huo, vilifanya kazi kwa utaratibu mkali. Mchezo mmoja ulionyeshwa jioni huku mwingine ukifanyiwa mazoezi mchana, na baada ya wiki moja au mbili hadhira ilitaka kitu kipya. Rossiter alicheza katika michezo 75 kwa muda wa miezi 19. Katika hali kama hiyo hapana nafasi ya kuchimbua saikolojia ya mhusika. Mwigizaji hukariri maneno, hutafuta umbo la mwili na sauti, kisha hutoka mbele ya watu. Hapana shaka kwamba wepesi wake wa kumeza kurasa na kuzitoa bila kukosea hata silabi ulinolewa huko, kama ulivyonolewa ukali wake kwa wenzake. Wengi waliofanya kazi naye walieleza kwamba hakumvumilia mtu aliyefika mazoezini bila kuyajua maneno yake. Huenda karani wa madai aliyezoea kukagua kila mstari wa fomu hakuwahi kumtoka kabisa.

Kutoka Preston alikwenda Wolverhampton na Salisbury, kisha akakaa misimu miwili katika Bristol Old Vic, kuanzia 1959 hadi 1961, na baadaye akacheza New York katika tamthilia ya Semi-Detached mwaka 1963. Wakati huo filamu za Kiingereza zilikuwa zimeanza kuyatazama maisha ya miji ya kaskazini, na waigizaji wenye asili ya huko wakahitajiwa. Rossiter akaonekana katika A Kind of Loving (1962), This Sporting Life (1963) na Billy Liar (1963), ambamo alikuwa Shadrack, mwenye kampuni ya mazishi. Shughuli ya mazishi ilimrudia katika Oliver! ya mwaka 1968. Mwaka huohuo Stanley Kubrick alimtumia katika 2001: A Space Odyssey, katika nafasi ndogo ya mwanasayansi wa Kirusi anayeuliza maswali kwa upole mwingi kuliko udadisi wake. Kubrick alimwita tena kwa ajili ya Barry Lyndon (1975), akampa nafasi ya Kapteni Quin, afisa mwenye majivuno na moyo wa kunguru. Nafasi hizi ni fupi, lakini zinaonyesha kuwa Rossiter aliweza pia kupunguza mwendo alipotakiwa.

Kazi iliyompa heshima kubwa kuliko zote jukwaani ilikuwa ya Arturo Ui. Bertolt Brecht aliiandika tamthilia hiyo mwaka 1941 akiwa uhamishoni Ufini. Humo kupanda kwa Hitler kunasimuliwa kama kisa cha jambazi wa Chicago anayetaka kuitawala biashara ya koliflawa. Michael Blakemore aliielekeza kwanza mjini Glasgow, na ikafika London mwaka 1969. Ndani yake mna onyesho ambalo kwa mwanaisimu ni hazina. Ui, ambaye hajui kusimama wala kusema mbele ya watu, anamkodi mwigizaji mzee aliyefulia ili amfundishe. Mzee anamfunza kutembea, kukaa na kukunja mikono, kisha anamkaririsha hotuba ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari. Hotuba hiyo wasomaji wa Kiswahili wanaijua katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ambayo toleo lake lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, lilitoka mwaka huohuo wa 1969. Katika onyesho hilo hadhira inashuhudia lugha ya mamlaka ikishonwa kama koti, na mvaaji akilijaribu mbele ya kioo. Rossiter alianza akiwa kichekesho, mtu ambaye viungo vyake havisikilizani, na watu wakamcheka. Kisha, bila ya kubadili ala yake, alikifikisha kicheko hicho mahali ambapo hakuna aliyethubutu tena kucheka. Wahakiki walimsifu kwa kauli karibu moja. Mwaka uliofuata alicheza nafasi ya Giordano Bruno katika The Heretic, mwaka 1972 akamcheza Davies, mzee asiye na makazi, katika The Caretaker ya Harold Pinter, na mwaka 1976 Tartuffe wa Molière huko Greenwich. Huyo siye mtu aliyeangukia vichekesho kwa kukosa kazi nyingine.

Mwaka 1973 alicheza London katika mchezo uitwao The Banana Box, ulioandikwa na Eric Chappell, mkaguzi wa hesabu wa bodi ya umeme aliyekuwa ndiyo kwanza aingie katika uandishi. Chanzo cha mchezo kilikuwa habari ya gazetini kuhusu mtu mweusi aliyeishi hotelini akijidai kuwa mwana wa mfalme wa Kiafrika. Televisheni ya Yorkshire iliuchukua mchezo huo, ikaugeuza kuwa mfululizo wa Rising Damp, vipindi 28 vilivyoonyeshwa kati ya 1974 na 1978. Rigsby ndiye mwenye nyumba. Wapangaji wake ni Bibi Jones, aliyechezwa na Frances de la Tour, mwanafunzi wa udaktari Alan, aliyechezwa na Richard Beckinsale, na Philip, aliyechezwa na Don Warrington, mwigizaji mzaliwa wa Trinidad. Philip huwaambia wenzake kwamba ni mwana wa chifu na kwamba kwao ana wake kumi.

Hapa pana jambo lisiloweza kurukwa. Rigsby ni mbaguzi, na maneno anayomtolea Philip ni ya kukera. Utunzi wa Chappell umepanga mambo ili mpumbavu awe Rigsby daima. Philip husema Kiingereza sanifu, polepole, kwa sauti tulivu. Rigsby husema mbiombio, kwa istilahi alizozisikia nusunusu na sentensi zinazokatika kabla ya kufika mwisho, huku akiiga mara kwa mara usemi wa tabaka ambalo halimtambui. Kwa kipimo cha Rigsby mwenyewe, kipimo cha lafudhi, mgeni ndiye muungwana na mwenyeji ndiye mshamba. Katika kipindi kimoja Philip anampa kipande cha mti unaosemekana kuwavutia wanawake ukichomwa, na Rigsby, mwenye kuidharau Afrika, anauamini uganga wake mara moja. Kumbe mti huo umevunjwa kutoka katika kabati la nyumba yake mwenyewe.

Hata hivyo, dhamira ya mtunzi haiwezi kuamua watazamaji wacheke nini. Hapana budi kukiri kwamba mtu aliyekuwa na mawazo ya Rigsby aliweza kuketi mbele ya televisheni na kucheka pamoja naye badala ya kumcheka, na kwamba familia za watu weusi zilizoishi Uingereza miaka ile hazikuwa na uhuru wa kuyachukulia maneno yale kama mchezo mtupu. Vilevile, Afrika yenyewe haimo kabisa katika vipindi hivyo. Iliyomo ni tetesi ya Afrika. Filamu ya Rising Damp ya mwaka 1980 inafichua kwamba Philip anatoka Croydon, kusini mwa London. Kwa hiyo chifu, wake kumi na miti ya uganga vyote vilitungwa na mtu wa Croydon kwa ajili ya masikio ya mtu aliyetaka kuvisikia. Mchango wa Rossiter ulikuwa kuukataa urahisi. Hakumcheza Rigsby kama mtu mwovu wala kama mtu wa kupendeza, bali kama mtu aliyejawa na woga wa kudharauliwa, naye akauweka woga huo wazi katika kasi ya usemi. Anaposhindwa na Philip, maneno humwishia, hubaki mikono na mdomo ulio wazi. Pasipo uigizaji huo, maandishi yaleyale yangeweza kuwa na sumu zaidi.

Wakati vipindi hivyo vikiendelea, BBC ilimpa nafasi ya Reginald Perrin katika mfululizo wa David Nobbs, uliotokana na riwaya yake na kuonyeshwa kati ya 1976 na 1979. Perrin si Rigsby. Ana elimu, mke mwema na kazi nzuri katika kampuni ya vitindamlo, na kila asubuhi treni yake huchelewa kwa dakika 11. Kinachomwasi ni lugha. Maneno yasiyohusika huchomoza katikati ya sentensi zake za kiofisi, naye huyasikia kama mtu mwingine. Waliomzunguka nao husema kwa kauli zilezile zisizobadilika, hasa mkuu wake wa kazi, hata mazungumzo yote yakawa kama saa inayogonga. Mwishowe anaacha nguo zake ufukoni ili adhaniwe amezama. Rossiter, aliyejua ofisi kwa miaka sita, aliuchezea uchovu huo kwa ukweli wa kuogopesha.

Kuanzia 1978 hadi 1983 alionekana pamoja na Joan Collins katika matangazo ya kinywaji cha Cinzano, ambamo kila mara kinywaji kiliishia katika nguo za bibi huyo. Matangazo hayo yalipendwa kupita kiasi. Aliandika pia kitabu kidogo cha mzaha kuhusu kejeli. Nje ya kazi alicheza skwoshi kwa ushindani mkali na kukusanya mvinyo. Ndoa yake ya kwanza, na mwigizaji Josephine Tewson, ilivunjika mwaka 1961. Mwaka 1972 alimwoa Gillian Raine, naye mwigizaji, wakapata binti mmoja.

Mwaka 1984 alirudi jukwaani katika Loot ya Joe Orton, iliyoelekezwa na Jonathan Lynn. Alikuwa Truscott, mpelelezi wa polisi anayeingia nyumbani kwa watu akijidai kuwa mtu wa idara ya maji, na asiyenyamaza hata sekunde moja. Tarehe 5 Oktoba 1984, katika ukumbi wa Lyric mjini London, onyesho lilikuwa likiendelea naye akingoja nyuma ya jukwaa zamu yake ya kuingia. Zamu ilipofika hakuingia. Moyo wake, uliokuwa na ugonjwa wa kunenepa kwa misuli, ulikuwa umesimama. Alikuwa na umri wa miaka 57. Mwezi uliofuata BBC ilionyesha King John ya Shakespeare, iliyokwisha kurekodiwa, naye Rossiter akiwa ndiye mfalme.