Habari za Nils Rosén, Mganga wa Watoto

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mtu wa Uswidi, ambaye waganga wengi wa watoto humhesabu kuwa baba wa kazi yao. Jina lake ni Nils Rosén. Alizaliwa mwaka 1706, mwana wa mchungaji. Wazee wake walimkusudia kwa utumishi wa kanisa, akaenda kusoma katika chuo kikuu cha Lund. Lakini huko alikutana na mwalimu Kilian Stobaeus, akaiacha elimu ya dini, akaishika elimu ya uganga. Labda wako watakaomhurumia baba yake. Sisi twaona kwamba kijana huyu hakutoka katika shamba la Bwana, ila alipewa jembe jingine.

Cheo cha udaktari alikipata Uholanzi, katika chuo cha Harderwijk. Akarudi kwao, na mwaka 1740 akafanywa profesa katika mji wa Uppsala. Mwaka uliofuata Carl Linnaeus, yule mjuzi wa mimea, akapewa uprofesa pia. Wawili hawa walikuwa wameshindana tangu ujana wao, wala si kwa upole. Hata hivyo walipatana kugawana kazi: Linnaeus akafundisha habari za mimea, Rosén akafundisha habari za viungo vya mwili na kutibu wagonjwa. Naye hakuridhika kuwasomea wanafunzi vitabu tu, bali aliwafundisha penye vitanda vya wagonjwa, wapate kuona kwa macho yao.

Siku zile watoto wa Uswidi walikufa wengi mno. Karibu mtoto mmoja katika kila watano hakuutimiza mwaka wake wa kwanza. Twalijua neno hili kwa sababu tangu mwaka 1749 serikali iliwaagiza wachungaji kuandika hesabu ya waliozaliwa na waliokufa, na ugonjwa uliowaua. Hesabu hizo zilionyesha kwamba kwa miaka kama 15 kifaduro peke yake kiliua watu zaidi ya 40,000, walio wengi wao watoto. Wachungaji walioandika majina hayo ndio waliowazika.

Basi Rosén alifanya jambo ambalo sisi twalihesabu kuwa kubwa kuliko uprofesa wake. Chama cha wataalamu cha Uswidi kilikuwa kikipiga chapa almanaki, kitabu kidogo cha siku za mwaka, cha bei ndogo. Katika nyumba nyingi za wakulima hapakuwa na vitabu vingine ila Biblia, Katekisimo, kitabu cha nyimbo na almanaki hiyo. Tangu mwaka 1753 Rosén akaandika humo, kwa lugha ya nyumbani wala si kwa Kilatini, habari za magonjwa ya watoto: ndui, surua, kifaduro, kuhara na minyoo, tena habari za maziwa ya mama. Hivyo mama aliye mbali na mganga alipata shauri penye meko yake. Dawa nyingine za wakati ule leo hakuna mganga atakayezitoa, lakini jinsi alivyozieleza dalili za magonjwa ilisifiwa muda mrefu.

Mwaka 1764 maneno hayo yakakusanywa kuwa kitabu kimoja, kikafasiriwa kwa Kijerumani, Kiingereza na lugha nyingine. Mwaka uo huo Linnaeus aliugua sana kifuani, na aliyemtibu hata akapona ni Rosén, mshindani wake wa zamani.

Alishindania pia kuwachanja watoto ndui. Kazi hii ilikuwa ngumu, maana chanjo ya siku zile ilitoka kwa usaha wa mgonjwa mwenyewe, na mara nyingine mtoto aliyechanjwa alikufa. Wazazi waliogopa, wala hatuwezi kuwalaumu. Rosén alifariki mwaka 1773, kabla Edward Jenner hajaijaribu chanjo ya ng'ombe mwaka 1796. Chanjo hiyo ilipofika Uswidi mwaka 1801, wengi walioichukua vijijini na kuwachanja watoto walikuwa wachungaji na wasaidizi wao wa kanisa.