Ernesto Guevara: Mwanafunzi Mwenye Pumu

Wanachuo waendao Dumila kwa mazoezi ya kufundisha hurudi na malalamiko kuhusu utoro. Tukilifungua daftari la mahudhurio na kuuliza habari za mtoto mmoja mmoja, hudhihirika kwamba baadhi ya hao watoro ni wagonjwa: huyu ana kifafa, yule ana pumu na vumbi la kufagia darasa humbana kifua kila asubuhi. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza hapa maisha ya mtu ambaye wengi humjua kwa bunduki na ndevu zake, wala hawajui kwamba kiti chake darasani kilikuwa kitupu mara nyingi.

Ernesto Guevara, aliyekuja kuitwa Che, alizaliwa mwaka 1928 mjini Rosario, nchini Argentina. Pumu ilimshika mwaka 1930, kabla hajatimiza miaka miwili. Wazazi wake walihangaika kutafuta mahali penye hewa ya kumfaa, hatimaye wakahamia Alta Gracia, mji mdogo wa vilimani katika jimbo la Córdoba. Huko alipata nafuu, lakini hakupona.

Kwa sababu hiyo hakupelekwa shule kwa wakati. Mama yake, Celia de la Serna, alimfundisha nyumbani kusoma na kuandika, naye akaingia shule ya msingi akikaribia miaka tisa. Darasa la pili na la tatu alihudhuria vizuri. Madarasa ya juu alihudhuria kadiri maradhi yalivyomruhusu. Hapa tunawaomba wanachuo wasome polepole. Siku alizolala kitandani, ndugu zake walinakili kazi za shuleni na kumletea nyumbani, naye akazifanya huko huko. Jambo lenyewe ni dogo mno: daftari, kalamu, na mtoto wa kulichukua. Mtoto aliyekosa somo la kugawanya hawezi kufuata somo la sehemu, na akirudi akaaibishwa mbele ya wenzake, wiki ifuatayo haji kabisa.

Kitandani alipata pia mazoea ya kusoma vitabu, maana nyumbani kwao vilikuwa vingi. Hapana budi tukiri kwamba alizaliwa katika ukoo wenye uwezo. Mtoto wa mkulima wa Dumila hana maktaba ya baba. Kwake yeye lile daftari lililonakiliwa ndilo kila kitu.

Mwaka 1942 aliingia sekondari ya Deán Funes mjini Córdoba, kilometa 35 hivi kutoka nyumbani, akawa akisafiri kila siku mpaka familia ilipohamia mjini humo mwaka uliofuata. Alicheza raga, mchezo wa mbio na nguvu nyingi. Pumzi ilipombana alitoka kando ya kiwanja, akavuta dawa yake, akarudi mchezoni. Baba yake aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini Alberto Granado, aliyeifundisha timu hiyo, alimkubali na kumwachia apime pumzi zake mwenyewe. Hatusemi kwamba mwenye pumu akimbizwe mchakamchaka. Twasema aulizwe, na dawa yake iwe mkononi mwake kiwanjani, si katika kabati la mwalimu mkuu lililofungwa kwa kufuli.

Alisomea udaktari Buenos Aires, akashiriki utafiti wa mzio pamoja na Daktari Salvador Pisani, akahitimu mwaka 1953. Kuhusu vita vya Kuba, na hukumu za kifo alizozisimamia baada ya ushindi wa mwaka 1959, watu hubishana hadi leo, nasi hatuingii humo.

Mwaka 1965 alipita nchini kwetu kwa siri, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwenda kupigana mashariki ya Kongo. Huko alijiita Tatu, kwa hesabu ya Kiswahili, na kijana Mkongo aitwaye Freddy Ilanga, wa miaka 16 hivi, akawa mwalimu wake wa lugha yetu. Pumu ilimfuata huko pia. Aliuawa nchini Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967. Katika miezi yake ya mwisho porini alikuwa amekosa dawa ya pumu, kwa kuwa akiba aliyoificha ilitekwa na jeshi.